Tembo Mhamaji

Alexander Mkuu aliuzingira mji wa Tiro miezi saba, mwaka 332 K.K., akajaza mawe baharini hadi akapata njia ya kuufikia ukuta. Maskini, alizaliwa mapema mno. Katika Age of Empires, mchezo wa 1997, watu wawili wenye kompyuta mbili na waya mmoja wanamaliza mzingiro kabla ya kuitwa mezani. Mtambo wako unarusha mawe ukutani na, bila upendeleo wowote, unawaponda na askari wako waliosogea karibu. Umeishiwa mbinu? Mlete kasisi. Anapunga mikono, anaimba “wololo”, na tembo wa vita wa adui anageuka rangi, anahamia kwako. Hata posho haulizi.