Sifa za Daktari wa Grupu

Wengine wasifu masultani. Mimi namsifu daktari wa grupu letu la ukoo. Mwanafunzi wa udaktari pale Muhimbili husota darasani miaka 5, kisha mwaka mwingine wa mafunzo ya vitendo wodini, ndipo aaminiwe. Wetu anauza spea za bodaboda, na leseni yake ni bando la wiki.

Hatozi hata senti. Hajawahi kugoma. Lakini fadhila yake kuu ni wepesi. Andika tu "jamani, nasikia..." na kabla hujataja panapouma, tiba imeshafika: kitunguu saumu, punje saba, kabla ya kupiga mswaki. Kwa nini saba? Mswaki umekosa nini? Hayo ni maswali ya wenye shaka, na maradhi hayo yeye hana. Shangazi aliuliza habari za goti usiku wa manane. Jibu likaingia papo hapo pamoja na picha ya mlonge, ambao humo grupuni hutibu magonjwa 300. Mjomba alituma picha ya ng'ombe wake, basi, akaandikiwa juisi ya choya ya kuongeza damu. Mpaka leo hatujui mgonjwa alikuwa nani kati yao.

Wepesi huohuo ulimwachisha mama mdogo vidonge vya presha, eti vinaharibu figo. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo, bwana wee! Na moyo, na ubongo!

Samahani. Tulikuwa kwenye sifa.

Nikampeleka mama mdogo kliniki aanze upya. Benchi tulilikalia tangu alfajiri. Chumbani, daktari mwenye leseni hakubandua macho kwenye kompyuta, akamwandikia dawa kabla hajakaa sawasawa. Kumbe wepesi nao wanao! Dirishani tukakabidhiwa kifuko kimeandikwa "1x1". Mpaka lini? "Anayefuata!" Hakuna aliyemwambia kuwa presha mara nyingi haina dalili, na kwamba kujisikia vizuri si ruhusa ya kuacha dawa. Jioni akauliza grupuni. Jibu lilianza kwa shikamoo, likafuata pole, ndipo vitunguu.

Waheshimiwa madaktari, msituongezee mabango ya kutuonya tusisikilize watu wa mtandaoni. Mwambieni mgonjwa dawa ni ya nini na anaimeza mpaka lini. Msipomwambia ninyi, yupo atakayemwambia, tena sasa hivi yuko hewani.