Njia Nyeusi Bila Theluji: Mwongozo wa Kuteleza Magunga

Kila Desemba ikifika, watu wa Ulaya wenye pesa zao hufunga mbao mbili ndefu miguuni, hupandishwa mlimani wakiwa wamekaa kwenye kiti, kisha hujiachilia washuke. Wakianguka, wamelipa. Wakivunjika mguu, hulipa tena, na mwaka unaofuata wanarudi. Mchezo huo huitwa skii, na magazeti huujazia kurasa: kiwanja kipi bora, chakula kikoje, nani alionekana huko.

Sisi wa Magunga tumekuwa tukishuka vilima kwa mtindo huohuo tangu enzi za babu zetu, bila kiingilio, na hakuna aliyewahi kutuandikia hata aya moja. Mwongozo huu umekuja kuondoa dhuluma hiyo.

Kwa mgeni asiyetujua: Magunga ni mji wa Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Ukifuata ziwa kuelekea kusini utajikuta Karungu na Sori, kaunti ya Migori, ambako watu huteleza vilevile, ila kwa lafudhi tofauti kidogo.

Jiridhishe kwamba mlima upo

Hakuna skii bila mteremko, na hapa ndipo tunapowaacha wengi nyuma. Vilima vya Gwassi ni masalia ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri, ile ambayo majivu yake yalihifadhi mifupa ya kale ya kisiwani Rusinga, likiwemo fuvu la nyani wa kale Proconsul ambalo Mary Leakey alilipata mwaka 1948. Kilele cha vilima hivyo kinapita mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Piga hesabu mwenyewe: una zaidi ya kilomita moja ya kuanguka, wima.

Sasa linganisha na Ski Dubai, ambayo ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba hujipigia picha na kututumia. Ilifunguliwa mwaka 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates. Mlima wake una mita 85. Mteremko wake mrefu kuliko yote una mita 400. Ndani kuna baridi ya kutengenezwa na hata pengwini, ndege wa watu, waliohamishiwa jangwani bila kuulizwa. Hapa kwetu mita 400 ni umbali wa kwenda kuomba chumvi kwa jirani, na ukirudi na chumvi yote, wewe ni bingwa.

Chagua msimu

Skii ya Ulaya ina msimu mmoja. Sisi tuna miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Kule Afriski, katika milima ya Maluti nchini Lesotho, zaidi ya mita 3,000 juu, watu huteleza kuanzia Juni, na theluji ikigoma kuanguka huwashwa mashine za kuitengeneza. Magunga hatujawahi kutengeneza tope kwa mashine. Tope letu ni la asili.

Nimesema uongo. Mashine moja tunayo: greda. Kwenye viwanja vya wenzetu kuna mitambo inayosawazisha theluji kila usiku ili asubuhi wateja waikute laini. Greda letu huja mara moja, aghalabu wiki moja kabla ya mvua kubwa. Hukwangua murram yote iliyokuwa imebaki, huisukuma kando, na kuacha udongo mtupu umelala kama kitanda kilichotandikwa. Mvua ya kwanza ikinyesha, uwanja uko tayari. Ukiuliza ni nani aliyelituma, ofisi moja itakwambia barabara hiyo ni ya ofisi nyingine, nayo ile nyingine itakurudisha ulikotoka. Kwenda na kurudi huko ndiko mazoezi ya kupasha misuli.

Vifaa

Mbao hazihitajiki. Chagua kati ya hivi:

Gambuti. Ni za heshima, lakini zina siri: tope likizidi, mguu hutoka na gambuti hubaki. Utasimama kwa mguu mmoja kama korongo wa ziwani, ukitafakari maisha.

Akala. Raba ya gurudumu iliyokwisha meno kabla haijawa kiatu. Kwa mwendo kasi, hakuna kinachoishinda.

Miguu mitupu. Chaguo la wataalamu. Dole gumba likichimba ardhini, hiyo ndiyo breki. Viatu vya kanisani utavibeba mkononi, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kisha utanawa kwenye dimbwi la mwisho kabla ya mlango wa kanisa, ambako utawakuta waumini wenzako wamesimama kwa mguu mmoja mmoja, kimya, kama walio tayari katika sala.

Fimbo mbili. Wazungu nao wanazo. Tofauti ni kwamba zetu, jioni, hurudi kuchunga ng'ombe.

Mwenye gari afunge minyororo kwenye magurudumu. Usione haya. Barabara za milima ya Alps zina vibao vinavyomwamuru dereva kufunga minyororo wakati wa baridi, na hapo hakuna anayesema nchi imeshindwa.

Viwanja vyenyewe

Ulaya njia za skii hupangwa kwa rangi: kijani kwa anayeanza, buluu kwa aliyezoea kidogo, nyekundu kwa jasiri, nyeusi kwa aliyeandika wosia. Mungu alipotuumba sisi, alizipaka rangi njia zetu moja kwa moja.

*Kijani: mteremko wa nyuma ya boma.* Nyasi fupi zilizolowa, watoto wanne, na mtungi wa plastiki wa lita 20 uliopasuliwa katikati. Mtoto hukaa ndani, husukumwa, hupiga kelele, hutua kwenye ua wa jirani. Kivutio chake ni kwamba kila mtu hupanda tena akicheka. Hasara yake ni kaptula ya shule, ambayo mama ataikagua jioni kwa makini kuliko mkaguzi wa mahesabu.

*Buluu: ufuoni, Nyandiwa.* Hapa mtu huteleza hata mvua isiponyesha. Mawe yenye ukungu wa kijani, magamba ya samaki, maji ya omena yanayochuruzika kutoka kwenye beseni. Mashua ikifika, wanaume huingia majini kuivuta, na mmoja wao lazima atakaa chini bila kupanga. Uzuri wa kiwanja hiki ni mandhari: ukianguka chali, unaliona ziwa lote.

*Nyekundu: kushuka kutoka Gwassi.* Udongo mwekundu, kona kali, na pikipiki yenye abiria watatu na gunia la mahindi. Dereva huzima injini ili kuokoa petroli, hutoa miguu yote miwili kama matanga, na kukwambia, "Omera, usitikisike." Hiyo ndiyo semina yote ya usalama utakayoipata. Ukweli ni kwamba watu hawa ni mafundi. Wanasoma ardhi kwa gurudumu la mbele kama kipofu anavyosoma kwa vidole, na wanajua ni mfereji gani ulichimbwa jana na ni upi wa wiki iliyopita.

*Nyeusi: Bonde la Lambwe.* Njia hii inaitwa nyeusi kwa sababu ni nyeusi. Huu ni ule udongo wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na masika huvimba. Hapa sayansi kidogo. Mbao za skii huteleza kwa sababu msuguano huyeyusha theluji, na utando mwembamba wa maji huwa kama mafuta chini ya mbao. Udongo wa Lambwe hauhitaji msuguano. Chembe zake hunyonya maji, hufura, huziba kila tundu, na maji yanayofuata hubaki juu yakikungoja. Ukitembea polepole, hukuganda: kila hatua unaongeza kilo, na unafika ukiwa mrefu kuliko ulivyotoka. Ukitembea haraka, hufiki.

Jirani wa uwanja huu ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, iliyopewa hadhi na jina hilo mwaka 1983, makao ya mwisho nchini Kenya ya yule swala mkubwa aitwaye korongo. Mtazame wakati wa mvua. Ana miguu minne, hana gunia la mahindi, na bado hutafakari kabla ya kukanyaga.

Lifti ya kupandia

Kiti cha kupandishia watelezaji kilianza Sun Valley, Idaho, nchini Marekani, mwaka 1936. Mhandisi wake, James Curran, alikuwa ameona jinsi mikungu ya ndizi inavyoning'inizwa kwenye ndoano na kupakiwa melini katika nchi za joto. Akaondoa ndizi, akaweka mtu. Kwa hiyo tajiri anayepaa juu ya theluji, miguu ikining'inia, ni mkungu wa ndizi aliyejilipia nauli.

Lifti yetu ni vijana sita wa sokoni. Gari likizama, hutokea kutoka vichakani kama waliokuwa wamepewa taarifa. Bei hutegemea gari. Pikapu ya mwalimu husukumwa kwa shukrani na soda. Gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza, hasa mwaka wa uchaguzi, husukumwa baada ya mjadala mrefu. Nimewahi kusimama kando ya gari la namna hiyo, mwenyewe ametoa kichwa dirishani, anatuahidi lami. Tulimsukuma kwa roho safi. Ilikuwa mara yake ya pili kuzama mahali palepale, na mara yake ya pili kutoa ahadi ileile.

Adabu za uwanjani

Anayeanguka huambiwa "pole" kwanza, huchekwa baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, mvua ijayo ni zamu yako.

Aliyebeba mayai hupishwa na kila mtu, akiwemo chifu.

Mzee akiteleza, hakuna aliyeona. Mwinue, mwambie, "Jaduong', njia hii wameiharibu," ili kosa liende kwa waliotengeneza njia.

Na la mwisho: anayechelewa husubiriwa. Hili tumefundishwa na kisa cha Mkenya. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii. Februari 1998 alisimama Nagano, Japani, kwenye mbio za kilomita 10 za Olimpiki ya majira ya baridi. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alifika dakika 20 baadaye, wa 92, wa mwisho kabisa. Sherehe ya medali ilikuwa inangoja, lakini Dæhlie alikataa kuondoka kwenye mstari. Alimngoja Mkenya, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani na kumpa mwanawe jina la Dæhlie.

Magunga jambo hilo hutokea kila jioni ya masika. Wa mwisho kufika humkuta mtu mlangoni na beseni la maji ya vuguvugu, chai ya maziwa iko jikoni, na samaki ngege wa mchuzi hajaguswa. Atagombezwa kwa nguo, ndiyo. Lakini hakuna aliyekula kabla yake.

Tahadhari kwa mtelezaji

Kejeli ina mipaka, na mpaka wa hii uko saa nane usiku, njia ileile nyekundu, mvua ileile, abiria akiwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, amekaa kati ya dereva na shemeji yake. Dereva anasema, "Mama, usitikisike." Yule wa Alps hupanda juu ili ashuke, na akichoka huvua mbao zake akaenda kulala hotelini. Sisi hatujawahi kuvua.

Skii ya barafu iliwahi kufika hata Afrika Mashariki: mwaka 1912, Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na kushuka barafu yake kwa skii. Tangu mwaka huo mlima ule umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na duniani kote wenye viwanja vya skii wanahuzunika jinsi theluji inavyowakimbia. Wananunua mashine, wanatandika maturubai juu ya barafu, wanaomba Mungu uwanja usifungwe.

Nadhani ni sisi peke yetu tunaoomba ufungwe. Siku lami itakapopanda vilima vya Gwassi, yenye mitaro ya maji kando, tutakuwa tumepoteza njia nyekundu bora katika eneo zima la ziwa. Vijana sita wa sokoni watatafuta kazi nyingine. Gambuti nitazitundika ukutani na kuwaonyesha wajukuu, nao hawataamini.

Mpaka hapo, msimu ungali wazi. Karibu Magunga. Njoo na nguo za kubadilisha.