Kibarua Aitwaye Piga

Kiswahili hakina kibarua anayetumwa kama kitenzi piga. Hachagui kazi, halalamiki, wala hakuna aliyewahi kumtungia shairi. Penda ndiye anayeimbwa.

Mtazame Mbeya, alfajiri ya Juni, baridi ikipiga hadi mifupani. Mtu anapiga mswaki, anapiga pasi shati, anapiga simu stendi kuulizia basi. Huko wapiga debe wanapiga kelele: Tukuyu! Kyela! Tunduma! Saa moja haijafika, na kwa vipigo vyote hivyo hakuna aliyeumia. Mgeni aliyefundishwa kwamba kupiga ni kazi ya fimbo, akiambiwa mkulima wa Ilula ameenda kupiga dawa nyanya zake, atazionea huruma nyanya.

Wanaisimu wamemtia kwenye fungu la vitenzi vyepesi, jina lenye dharau kidogo. Maana, wanasema, hubebwa na nomino. Sawa, lakini nafsi, njeo na ukanushi anabeba nani? Tena kila kilichoshuka melini, pasi, picha, simu, chapa, alikabidhiwa yeye, na hakuna aliyehangaika kubuni kitenzi kipya.

Barabara ya TANZAM inamfahamu vizuri. Dereva atokaye Mbeya kwenda Iringa anapiga gia, anapiga honi, na akipita kijijini kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa anapigwa tochi. Tochi hiyo haimulikii mtu njia. Ni kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo, na maumivu yake ni shilingi 30,000.

Hata Uhehe hausimuliki bila yeye. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walikipiga kikosi cha Wajerumani, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani wakaipiga mizinga ngome ya Kalenga. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa, akikaribia kukamatwa, alijipiga risasi. Hapo piga hakuwa mwepesi hata chembe.

Wapo wanaosema siku hizi ameharibika tabia. Kila mwisho wa Machi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) akishamkabidhi Rais ripoti ya ukaguzi, vijiwe vya Mwanjelwa kule Mbeya na Miyomboni kule Iringa huwa na neno moja: upigaji. Lakini kibarua ana kosa gani hapo? Yeye hufuata nomino aliyopewa. Mhasibu aliyepiga hesabu asubuhi na kupiga mhuri mchana ndiye huyohuyo aliyepiga hela jioni, akaenda kupiga ulanzi na wenzake, Jumapili akapiga magoti kanisani, na TAKUKURU walipopiga hodi, akapiga chenga.