Aina za Kiungulia Mlimani Sagalla

Wataalamu wa mimea wameichambua milima ya Taita jani kwa jani, na wa lugha wameandika kuhusu Kisaghala, lugha ya mlima Sagalla. Kiungulia, ambacho hakibagui dini wala ukoo, hakijapata mwainishaji. Makala haya yanaziba pengo hilo.

Nadharia kwanza, kwa ufupi. Mwaka 1823 Mwingereza William Prout alionyesha kwamba tumboni mna asidi ya hidrokloriki. Kinachoizuia isipande ni msuli wa duara ulio mwisho wa umio. Mafuta mengi, pombe, sigara na ujauzito huulegeza, na tumbo lililoshindiliwa huusukuma. Asidi ikipenya, kifua kinawaka na mwenye kifua anaanza kutafuta mchawi.

Spishi ya kwanza ni *Ungulia stendii*, ya huko chini Voi. Makazi yake ni mabasi ya usiku ya Nairobi na Mombasa. Kondakta anatangaza dakika kumi. Abiria anafakamia chipsi zinazochuruzika mafuta, anazimwagia pilipili, anarudi mbio na kulaza kiti. Basi likifika Maungu, ameshaanza kumlaumu dereva.

*Ungulia mgeni* hupanda mlima pamoja na mwenyewe. Anapakuliwa kimanga, kile chakula cha Kitaita cha kupondwa, anamaliza, anaongezwa. "Kula, mwanangu, kwani umekuja kuonja?" Kukataa ni utovu wa adabu, kwa hiyo anaongezwa tena, kisha anaonyeshwa kitanda papo hapo. Usiku wa manane kimanga ndicho kinachoshtakiwa. Mahakama ya kisayansi inakiachilia huru: mkosaji ni sahani ya tatu, akisaidiwa na kulala kabla ya saa mbili tatu kupita. Wapo wanaokoroga magadi ya kuokea kwenye maji, wakanywa na kubeua kwa sauti inayoamsha nyumba. Nafuu inapatikana kweli, maana magadi hupunguza asidi na kutoa gesi, ila si ya kudumu, na mwenye shinikizo la damu asijizoeze chumvi hiyo.

Spishi adimu kabisa ni ya mlinda shamba. Kwa kanuni zote angepaswa kuungua: anakula usiku, tena kwa pupa. Lakini ndovu wa Tsavo hawamruhusu kulala. Anakesha ameketi wima, na wakija anasimama kupiga debe, asidi nayo inabaki chini ilikowekwa. Tiba hii ni ghali mno kwa mahindi na hatuipendekezi.

Kuna pia suala la mteremko. Madaktari hushauri kuinua upande wa kichwani wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20, na kulalia ubavu wa kushoto. Nyumba iliyojengwa na fundi asiye na pimamaji inatimiza nusu ya ushauri huo bure, mradi kichwa kielekezwe upande wa kileleni. Wanaolala kinyume wanajitakia.

Kuhusu wajawazito, bibi zetu wana nadharia yao: kiungulia kikali, mtoto mwenye nywele nyingi. Wasomi walicheka. Kisha watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, wakawafuatilia wajawazito 64, na mwaka 2006 wakachapisha matokeo yaliyowashangaza wenyewe: waliosumbuliwa zaidi kwa kawaida walizaa watoto wenye nywele zaidi. Walishuku homoni, kwamba huenda zilezile zinazolegeza msuli ndizo zinazohusika na nywele. Bibi alipoelezwa aliuliza kama wamelipwa kwa kazi hiyo.

Kielelezo kimoja tumekiondoa kwenye mkusanyiko kwa kuwa hujifanya kiungulia. Kifua kinabana, maumivu yanakwenda mkononi au tayani, jasho jembamba linatoka, pumzi inakata. Huo ni moyo. Usimkorogee magadi mtu huyo. Mtafutieni gari ateremshwe hospitali ya rufaa ya Moi, Voi, usiku huohuo. Na anayekwamwa na chakula kooni, anayekonda bila sababu au kutapika damu asingoje siku ya soko ndipo ateremke.