Mfuko wa Korongo

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliposhuka tarehe 22 Mei 2021 na kuishia ukingoni mwa mji wa Goma, wanyama walikimbia pamoja na watu, wakarudi pamoja na watu. Wazee wao walikuwa bado wanasimulia ile ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji ikaingia ziwani Kivu, na jinsi binadamu walivyojenga nyumba juu ya mawe yake meusi. Basi wakasemezana: ikiwa wao wanapanda nyumba juu ya jiwe, sisi tutashindwa kupanda ngoma? Wakaunda kamati.

Mwenyekiti akawa Korongo, yule mwenye mfuko mwekundu shingoni. Hakuchaguliwa kwa uimbaji. Korongo yule hana sauti, anagongagonga mdomo tu. Alichaguliwa kwa ule mfuko. "Mwenye mfuko kama huu," wakasema wazee, "hawezi kupoteza karatasi."

Kunguru akatumwa na tangazo, Birere mpaka Himbi, Majengo mpaka Keshero: kila msanii alete kazi yake kabla ya mwezi mpevu, na zitakazopita zitafungua ngoma kuu. Masharti yalikuwa saba. La saba lilisema kazi ikishaletwa isionyeshwe popote hadi matokeo yatoke.

Wasanii wakaitika. Chura alileta wimbo. Kinyonga alileta picha iliyogeuka rangi kila ilipotazamwa. Nyenje alileta mdundo aliouokota njiani, kwenye magurudumu ya mbao ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazoteremka kutoka Kibumba na viazi na kabichi. Mnana alileta kiota. Ili kisibonyee njiani, akakifunga mlango kwa uzi mwekundu, mafundo mawili.

Usiku wa kufunga mlango, Korongo alihesabu kazi 43. Akaalika wageni, zikaja sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, sinia tatu. "Ndugu zangu," akagonga mdomo, "tumefaulu! Kazi 43!" Wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza tumefaulu nini.

Mwezi ukafa, ukazaliwa mwingine.

Chura akawa anafika getini kila asubuhi. Mlinzi, Panya, alimjibu kwa heshima: "Dosie yako iko mezani, yaya. Inaendelea." Nyenje aliitwa kupiga kwenye harusi ya Katindo, akakataa, sharti la saba. Kinyonga alibaki na rangi moja, rangi ya kungoja, ambayo hata yeye hakujua jina lake. Mama Bata alimwendea Mnana kutaka kusukiwa kiota, naye akamwambia, "Subiri kidogo, mama. Huenda kesho wakaniita." Kesho ile ilichukua miezi minne.

Habari zikamfikia Korongo kwamba wasanii wanapoa. Kamati ikakaa kikao kuhusu namna ya kuwaweka moto. Azimio la kwanza: kofia. Kila msanii akapewa kofia yenye picha ya mfuko. Azimio la pili: kila Ijumaa Kasuku apite akipaza sauti, "Tuko pamoja! Mvumilivu hula mbivu!" Azimio la tatu: semina. Wasanii wakaketi kutwa nzima wakifundishwa umuhimu wa wasanii.

Fisi Maji, mvuvi wa ziwani, alialikwa atoe neno. "Papa Korongo," akasema, "sisi sambaza tunazivua usiku. Mitumbwi mitatu tunaifunga pamoja, tunawasha taa, sambaza zinakuja zenyewe chini ya mwanga. Lakini ukizima taa kabla ya kuinua wavu, unarudi nyumbani na wavu uliolowa. Tangazo lenu lilikuwa taa. Mmeizima mapema."

Kamati ikafurahi mno. Ikaandika mfano ule kwenye kumbukumbu za kikao, kisha ikanunua taa, ikaitundika getini.

"Nasi si sambaza," akanong'ona Chura.

Ndipo Kunguru akapoteza subira. "Tamasha la Amani lilipoanza hapa Goma mwaka 2014 nilikuwa juu ya ukuta wa Collège Mwanga. Na nimetua mara nyingi uani kwa Yole!Africa, pale kwa mwanzilishi wake, Petna Ndaliko Katondolo, nikaona vijana wanajifunza filamu, wanajifunza dansi, wanajifunza muziki. Anayefundishwa kungoja sijamwona hata mmoja."

Mnana hakusema kitu. Alivua kofia, akaiweka chini ya ile taa, akaingia ofisini kuomba kiota chake.

Korongo alishtuka. Akainama, akatikisa shingo, na mfuko ukatema kazi moja moja: wimbo, picha, mdundo. Mwisho kikatoka kiota. Kilikuwa kimenyauka, lakini uzi mwekundu ulikuwa mlangoni. Mafundo mawili, kama alivyoyafunga mwenyewe.

"Dosie nyingi, mwanangu," akasema Korongo. "Tulikuwa hatujafika kwako. Lakini hatukukukataa! Hatujamkataa yeyote!"

"Papa," akasema Mnana, "katika kabila letu dume ndiye anayesuka, na jike ndiye anayekagua. Mke wangu huingia kiotani, huvuta unyasi huu, hutikisa ule. Asipokipenda, ananiambia siku hiyohiyo. Nakibomoa, naanza kingine. Nimekataliwa mara nyingi, ndiyo maana najua kusuka. Nyinyi hamkunikataa, na tangu siku ile sijasuka hata unyasi mmoja."

Akafungua fundo mwenyewe, akatoka.

Jumamosi ile wasanii walikutana juu ya mawe meusi. Chura aliimba, Nyenje akamwambia ubeti wa pili ni mrefu, Chura akanuna, kisha akaukata. Kinyonga alionyesha picha, na rangi zake zikarudi kwa hasira ya kukosolewa. Mama Bata akapata kiota. Kanuni yao ikawa moja tu, wala hawakuiandika: anayeleta kazi Jumamosi hii, apate neno lake kabla ya Jumamosi ijayo.

Mwaka wa pili Kunguru alikataa kubeba tangazo. Likabandikwa kwenye mkaratusi mmoja kule Himbi. Zikaja kazi tatu, zote za wapwa wa Korongo. Usiku akiwa peke yake chini ya taa, alisikia ngoma ikitoka kwenye mawe. Akaifuata. Akasimama pembeni, kisha, kwa aibu, akagongagonga mdomo wake: mdundo aliokuwa nao tangu ujana, ambao hajawahi kumsikilizisha mtu.

"Utapata neno, papa," akasema Mnana.

Alhamisi neno lilifika, na Kunguru alilibeba bure. Hapana, lilisema, mwanzo unakimbia mno, katikati pamelala, ila mapigo manne ya mwisho ni mazuri, anzia hapo.

Korongo akasoma mara tatu. Panya alipoleta chai alimkuta ameupa mlango mgongo, anagongagonga mdomo, anaacha, anahesabu hadi nne, anaanza tena.