Mjomba wa Eastlands Anajibu: Apdeti Imeniharibia Jiji

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mameya. Si wa City Hall. Ni wale wanaotawala jiji lililomo ndani ya kompyuta, kuanzia saa nne usiku hadi tokeni ya stima ikatike. Wote wanalilia gemu moja, Cities: Skylines II, iliyotengenezwa na Colossal Order wa Tampere, Ufini, ikauzwa na Paradox Interactive wa Uswidi. Ilitoka tarehe 24 Oktoba 2023 na mpaka leo fundi hajatoka ndani. Wenye matatizo ya mapenzi wavumilie kidogo.

*Mjomba, niaje. Nilidunduliza pesa za kazi ya saiba nikanunua gemu hii wiki ile ile ilipotoka. Jiji likianza kukua, picha inakwenda kwa kukwama kwama, na feni inalia hadi jirani wa juu anagonga sakafu. Rafiki yangu anasema shida ni meno. Meno gani tena?*
*Meya wa Innercore, Umoja*

Meno ya wananchi wako, mpwa wangu. Wacheza gemu waliofungua mafaili ya ndani walikuta kila mkaazi amechongewa meno kamili mdomoni, na hakuwekewa umbo jepesi la kutumika anapoonekana kutoka mbali. Wewe uko juu mawinguni ukitazama mtaa mzima, yeye kichwa chenyewe hakionekani, lakini kadi yako ya grafiki inahangaika na magego yake. Meno hayakuwa shida pekee, ila ndiyo yaliyochekesha watu.

Kusema haki, wenyewe walikuonya. Siku chache kabla ya kutoka, walitangaza kwamba kasi ya gemu haijafika pale walipotaka, na mahitaji ya mashine walikuwa wameshayapandisha: kadi waliyopendekeza ni RTX 3080. Tangazo likatolewa, mauzo yakaendelea kama kawaida. Bei ilikuwa dola 49.99, karibu shilingi 7,500 kwa dola ya wakati ule, hela inayolipa kodi ya chumba kimoja Pipeline na ya unga ikabaki.

Punguza ubora wa picha, zima ule ukungu wa mbali, jenga mji mdogo uupende. Masasisho ya baadaye yamepunguza uzito, nakubali. Lakini hakuna sasisho litakaloigeuza kompyuta ya kujazia watu fomu za KRA iwe mashine ya gemu.

*Mjomba, nasikia kuna apdeti iliyoondoa malandilodi wote. Itafika Pipeline lini?*
*Mpangaji wa Ghorofa ya Saba*

Umesikia sawasawa. Gemu ilipotoka, wakaazi wa kila jiji walilia kodi iko juu. Alama ya malalamiko ilining'inia juu ya nyumba moja, kesho yake juu ya kumi, na meya hakujua amewakosea nini. Juni 2024 likaja sasisho kubwa la uchumi, wenyewe wakaliita Economy 2.0. Ndani yake watengenezaji walieleza, bila hata dalili ya mzaha, kwamba wamemwondoa mwenye nyumba wa kidijitali, na kwamba gharama ya kutunza jengo sasa inagawanywa sawa kati ya wapangaji wote. Wapangaji wa dunia nzima walicheka, kisha wakaanza kuuliza swali lako.

Sasa tulia uisome habari hiyo tena. Aliyeondoka ni mwenye nyumba. Gharama imebaki. Kwenu ingekuwa hivi: hakuna wa kukutilia kufuli mlangoni tarehe sita, ila siku pampu ya maji ikiungua keateka atabisha kila mlango na daftari mkononi, na wewe wa ghorofa ya saba utalipa sawa na yule wa chini ambaye maji humfikia kila siku. Kabla hujashangilia, niambie ni lini wapangaji wa ploti yenu walikutana mara ya mwisho wakaachana bila matusi.

Tena hapa Kenya hatukukosa sasisho letu. Tunayo sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, yenye baraza lake la kusikiliza kesi. Inazilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshe chumba cha bei hiyo Pipeline nami nitahamia leo jioni. Huko Ufini angalau walipoona kanuni haifanyi kazi waliiandika upya.

Kuna upande wa pili ambao rafiki zako hawakukusimulia. Sasisho lilo hilo liliondoa ruzuku ya serikali. Mwanzoni, meya aliyekosea hesabu alikuwa akijaziwa hazina kimya kimya, hata kufilisika ilikuwa kazi ya kujitolea. Baada ya Juni, watu waliojiona wachumi hodari waliamka wakakuta sanduku limekauka na takataka hazijabebwa. Waliolalamika kwamba gemu ni rahisi mno ndio waliopiga kelele kwamba imekuwa ngumu. Siwalaumu sana. Jiji ulilijenga kwa sheria za jana, halafu linahukumiwa kwa sheria za leo asubuhi. Waulize wenye vibanda wa Mutindwa kama hali hiyo ni ngeni kwao.

*Mjomba, mume wangu amejenga barabara ya njia nane na uwanja wa ndege. Balbu ya choo iliungua tangu Krismasi. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Kayole Masimba*

Dada, vizia saa anapopakua sasisho. Hayo mambo ni ya gigabaiti, na wakati huo wote hawezi kucheza wala kutazama filamu. Mletee balbu na kiti cha kupandia. Bando ikiisha katikati ya kupakua, mimi na wewe hatujuani.

*Mjomba, shikamoo. Babu yangu, ambaye tunaishi naye, anasema vijana wa siku hizi tumerogwa kununua vitu ambavyo havijakamilika na kushukuru kila vinapoongezwa kipande. Amenikataza. Je, nimekosea?*
*Mjukuu, Dandora Phase Two*

Marahaba. Mwambie babu, kwa adabu na chai mkononi, akusimulie alivyoipata hiyo nyumba mnayokaa.

Kama ni mmoja wa wale wa kwanza, hadithi yake itakwenda hivi. Mwaka 1975 Serikali na Baraza la Jiji la Nairobi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walianza mradi wa Dandora: ploti zipatazo 6,000 za watu wa kipato cha chini. Wengi wao hawakukabidhiwa nyumba. Walikabidhiwa kipande cha ardhi, barabara, maji, bomba la maji taka, na pale kwenye ploti choo na bafu vimesimama peke yao. Vyumba ujenge mwenyewe, na mkopo wa kununulia vifaa upo. Watu wakajenga chumba kimoja, wakaingia, wakajenga cha pili wakakipangisha ili walipe deni, wakajenga cha tatu. Babu yako alinunua choo, mpwa wangu, akaamini nyumba itakuja.

Basi kununua kisichoisha si kosa, wala hakukuanza na nyinyi. Ninachotaka ukipime ni hiki: aliyekuuzia alikwambia hakijaisha? Na bei aliyoweka ni ya choo au ya nyumba?

Chukua Manor Lords, gemu ya kujenga kijiji cha kale, kazi ya Mpolandi mmoja, Greg Styczeń. Ilianza kuuzwa tarehe 26 Aprili 2024 ikiwa imeandikwa waziwazi kwamba bado inajengwa. Siku ya kwanza zilinunuliwa nakala milioni moja. Masasisho yake yamekuja kwa mwendo wa kobe na manung'uniko yapo, lakini mnunuzi akinung'unika sana utamuuliza, wewe si ulisoma? Cities: Skylines II haikuwa na maandishi hayo. Iliuzwa kama nyumba iliyokwisha, watu wakaingia na virago vyao wakakuta choo. Hasira yao ninaielewa, na mimi niko upande wao.

Jambo jingine babu atakueleza vizuri kuliko mimi. Cities: Skylines ya kwanza, ile ya Machi 2015, ilipendwa kwa sababu mchezaji aliachiwa kuongeza vya kwake: majengo, magari, taa, hata namna magari yanavyopishana. Hizo ndizo modi. Ya pili ilitoka bila njia rasmi ya kuziweka. Mlango wa modi ulifunguliwa Machi 2024, tena kwa majaribio. Huwezi kumfanyia hivyo mtu wa Eastlands. Tazama Innercore, mahali Baraza la Jiji lilijenga nyumba za chini na leo shingo inauma kutazama juu. Tazama Buruburu, ile mitaa ya awamu tano iliyochorwa ikachoreka, kisha mwenyewe akaongeza chumba cha kijana, chumba kikazaa duka, duka likageukia barabara ya Mumias South. Wataalamu wa mipango miji huguna wakipita hapo. Mengine ni hatari kweli, hasa yale maghorofa yanayobusiana madirishani. Lakini mkaazi wa hapa hajawahi kungoja sasisho rasmi ndipo aishi.

Na yapo masasisho yasiyoweza kufanywa na mkaazi peke yake. Jaa la taka lililo karibu nanyi lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Kwenye gemu jaa likijaa linakataa taka, na meya analia siku hiyo hiyo.

*Mjomba, Machi 2024 nilinunua nyongeza ya Beach Properties kwa dola 9.99 nikitarajia ufuo. Nikapata nyumba na minazi. Niliwaandikia watengenezaji matusi ya stendi ya Muthurwa. Dadangu anasema nimewaaibisha wazazi. Niombe radhi?*
*Mwenye Hasira, Buruburu Phase Four*

Dada yako ana haki nusu. Kuuza nyongeza kabla ya kukarabati nyumba yenyewe kulikuwa utovu wa haya, na wanunuzi waliipa alama mbovu kupindukia. Tarehe 15 Aprili 2024, kabla mwezi haujaisha, mkuu wa Colossal Order, Mariina Hallikainen, na naibu mkuu wa Paradox, Mattias Lilja, walitia sahihi barua ya kuomba radhi. Pesa zirudishwe, na nyongeza ile igawiwe kila mtu bure. Ni wangapi hapa Nairobi wamewahi kuuziwa kitu kibovu wakarudishiwa hela na barua juu?

Lakini Januari ya mwaka huo huo, Hallikainen alikuwa amelalamika hadharani kwamba sumu ya maneno imezidi na inawaumiza watu wake. Huyo anayesoma matusi yako si yule aliyepanga tarehe ya kutoka. Ni kijana aliyeajiriwa kujibu barua, labda naye ana kodi ya kulipa. Omba radhi kwa tusi. Lalamiko liache lilivyo, ulikuwa sawa.

*Mjomba, mbona kwenye gemu hakuna matatu?*
*Makanga Mstaafu, Donholm*

Kwa sababu programu inataka basi lisimame kituoni. Kuandika kanuni ya gari linaloona msongamano Jogoo Road likakata kupitia kituo cha mafuta, likapandisha nauli mvua ikinyesha, kisha likakushusha Makadara ukiwa umelipa hadi Donholm, kunataka akili ambazo Ufini hawajazizalisha. Hata baiskeli hazikuwemo. Mameya walizisubiri zaidi ya miaka miwili.

*Mjomba, nimesikia wametengana. Sasa jiji langu litalelewa na nani? Nisubiri au niuze kompyuta?*
*Yatima, Kariobangi South*

Wametengana kweli. Novemba 2025 Paradox na Colossal Order walitangaza kuachana, na kazi ikapewa Iceflake Studios, walio Tampere hiyo hiyo, kuanzia mwaka 2026. Hawakurushiana vyombo, angalau si mbele yetu. Jiji lako halijafutwa, bado lipo kwenye diski na msongamano wake.

Kuhusu kusubiri, nina mashaka. Watu wa PlayStation na Xbox waliahidiwa toleo lao siku moja na la kompyuta. Likasogezwa hadi 2024, kisha likasogezwa bila tarehe. Mtu anayesubiri huko hana tofauti na aliyelipia amana ya nyumba akionyeshwa mchoro. Kompyuta usiuze, itakufaa kwa mengine. Fungua gemu Jumamosi moja, ujenge. Ikikupa raha ilivyo leo, endelea nayo. Isipokupa, ifute upate nafasi ya gigabaiti 60, na nyongeza yoyote mpya usiinunue mpaka uwe umeona walioitangulia kununua wanasema nini wiki ya pili, hasira na furaha za wiki ya kwanza zikishatulia.

Barua za toleo lijalo ziletwe kabla ya mwisho wa mwezi. Andikeni kwa ufupi, wekeni jina la mtaa, na anayetaka nimwombee kwa landilodi wake aniandikie akiwa ameshalipa angalau nusu.