Taa Isiyomulika

Mpwa wangu aliyeko Brussels alinipigia simu kunitangazia zawadi. "Noko," akasema, "muziki wa kwenye simu yako ni baridi. Nakutumia kitu cha kuupa joto." Mimi naishi Lubunga, Kisangani. Ng'ambo hii ya mto, saa saba mchana, mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme, na kutoa kivuli ndiyo kazi pekee ambayo nguzo hiyo imewahi kuifanya bila kukatika. Mtu wa hapa akiambiwa analetewa joto, ana haki ya kuuliza amemkosea nani.

Kitu chenyewe kilikuwa ampli ya kaske. Kaske ni yale makopo mawili ya kuvaa masikioni, wenzetu wa pwani huyaita hedifoni. Tena si ampli hivihivi, ni ampli ya taa, maana Wafaransa huziita lampe zile chupa za kioo zilizokuwa ndani ya redio za wazee wetu, kabla transista haijazaliwa mwaka 1947. Kosa langu nililifanya hapo, kumtamkia mke wangu neno taa. Alifurahi kuliko mimi. Akaanza kupanga itakaa wapi ili imulike meza na jiko pamoja.

Sanduku lilishuka uwanja wa Bangoka kwa ndege, likavuka mto kwa mtumbwi wa mota, likamalizia safari juu ya toleka, baiskeli ya abiria, limefungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Kioo kilichovuka Sahara bila mchubuko kilikuja kujua kulia kwenye mashimo ya mtaa wetu.

Usiku huo tukakusanyika. Taa zilikuwa mbili: moja nyembamba, namba yake 6SN7, nyingine nene kama chupa ya dawa ya kikohozi, namba 6080. Nikawasha. Tukangoja. Baada ya nusu dakika pakatokea wekundu mdogo chini ya kioo, kama mkaa uliosahauliwa jikoni. Mke wangu aliutazama, akasimama, akaenda kuleta tochi ili aione taa.

Nilijaribu kumweleza. Ndani ya chupa, nikamwambia, hewa imeondolewa. Waya unapashwa moto mpaka katodi inayouzunguka inaanza kutema elektroni. Upande wa pili kuna anodi, ina volti mia na zaidi, inaziita. Katikati kuna wavu, na wimbo unakaa kwenye wavu huo kama askari kwenye barieri: hizi zipite, zile zingoje. Wavu huo aliuweka Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906, mwaka uleule reli yetu ya ng'ambo hii ilipofika Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kilomita 125. Mke wangu akasema basi ndiyo sababu: taa na treni, vyote viwili havianzi mpaka vipate moto, na vikishapata moto pia huna hakika.

Sasa hesabu. Kupasha tu ile taa nene kunataka volti 6.3 na ampea 2.5, ndogo nayo inakula nusu ampea na zaidi. Hizo ni wati 20 za kuota moto, kabla noti moja haijapigwa. Na kaske nzuri inahitaji kiasi gani ili sikio lisikie vizuri? Miliwati moja, mara nyingi hata haifiki. Wati 20 zinaondoka kwenye batri yangu, sehemu ya elfu moja ya wati inafika sikioni. Nimewahi kuona bajeti ya barabara ikisafiri namna hiyo, lakini chombo cha muziki, hii ni mara ya kwanza.

Batri inachajiwa na jua, na kati ya batri na ampli kuna konvertisa, kigeuza umeme, niliyoinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Konvertisa za bei ile hazitoi umeme wenye mawimbi laini, zinatoa ngazi: panda, simama, shuka, simama. Feni haijali. Ampli ya taa inajali mno. Nilivaa vile visikilizio vidogo vilivyokuja na simu, nikaweka wimbo, nikasikia nzi wa chuma amefungiwa ndani ya chupa, na kwa mbali nyuma yake, orkesta iliyojifunika blanketi.

Fundi wa sokoni alikuja, akainusa ampli kabla ya kuigusa. Huyu ni mtu aliyejifunza kazi kwa redio za taa, hana haraka. "Papa," akaniambia, "hii haina transfoma ya kutolea sauti. Ina ukinzani wake yenyewe, ohm mia au zaidi. Ilitengenezwa kwa kaske ya ohm 300. Wewe umeifunga vidude vya ohm 32. Ni kama kusukuma mtumbwi kwa pondo la mpira: unasukuma, pondo linapinda, mtumbwi unakwenda unakotaka." Hata leo sijapata mtu aliyenieleza jambo hilo vizuri zaidi. Besi ndiyo mtumbwi. Ilikuwa inakwenda inakotaka.

Nilimpigia mpwa. Kaske ya ohm 300? "Ah, hiyo, Noko, labda mwaka kesho." Ndiyo zawadi za Ulaya: viatu vinatangulia, miguu inafuata.

Dawa ilikuwepo nyumbani, lakini ilikuwa na mwenyewe. Baba yangu, karani wa reli, aliacha redio ya Philips ya mbao, yenye jicho la kijani lililokuwa likifumba kadiri stesheni inavyokaribia. Tulipokuwa watoto tulilitazama jicho hilo tukingoja redio ipate moto, na kungoja huko, nakiri, kulikuwa nusu ya utamu. Jicho lilipofuka, kuku alihamia ndani. Fundi akachungulia, akaona transfoma ya sauti bado ipo, ileile inayogeuza volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo wa kutosha. "Tukiitoa hii, Papa, pondo la mpira linakuwa la mti." Mke wangu akasimama mlangoni. Kuku ameatamia, akasema, mayai tisa. Muziki utangoja. Fundi ni mtu mwenye akili, alirudisha bisibisi mfukoni.

Kesho yake alikuja na kaske kubwa ya studio ya ohm 300. Alikoiazima sikuuliza. Akaiondoa konvertisa, tukangoja kuran ya usiku, yaani umeme wa nguzo, nikaweka "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé na African Jazz, iliyorekodiwa Brussels mwaka 1960.

Sitadanganya. Ilikuwa tamu. Gita la Docteur Nico lilikuwa na nyama. Fundi akanieleza kwamba utamu huo ni kosa: taa ikipokea noti inaongeza kidogo noti ileile ya juu yake, oktavu, kama mtoto anayeimba nyuma ya bibi yake kanisani. Si sauti iliyokuwepo, ila haigombani na iliyokuwepo, kwa hiyo sikio linasamehe. Transista mbovu huongeza zile zisizopatana, ndiyo maana inakwaruza. Transista nzuri haiongezi kitu, na watu wanasema ni baridi.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika. Wimbo huo ulipigwa enzi za taa, ampli za magita zikiwa za taa, na studio nazo bado zimejaa taa. Joto lake liliwekwa ndani tangu 1960. Kuupitisha kwenye taa nyingine leo ni kutia sukari kwenye muwa. Na nakala yangu ilitoka kwa jirani, aliyeipata kwa shemeji yake, imebanwa na kubanwa tena mpaka matoazi yanalia kama mafuta kwenye kikaango. Ampli ikayaongezea hayo pia oktavu. Kosa la kupika na kosa la kupakua si kitu kimoja. Konono N°1 wa Kinshasa walipiga likembe kupitia vikuza sauti vya kujitengenezea, vinakwaruza, na dunia ikacheza, kwa sababu mkwaruzo ule ulikuwa upishi wao. Mimi nilitaka tu kupakuliwa.

Wakati natafakari hayo, nikasikia ngoma mpya ndani ya wimbo, nzito, haifuati mdundo. Du. Du. Nikadhani ni sehemu ambayo simu yangu ilikuwa ikinificha miaka yote. Nikavua kaske: mke wangu anatwanga sombe uani. Vyuma vilivyomo ndani ya kioo hutikisika sakafu ikitikisika, na ampli inautangaza mtikisiko huo kama muziki. Alikuwa ameingia African Jazz bila kujaribiwa. Toleka ikipita, kioo kinaimba ngiii. Mvua ya kwanza ilipoleta kumbikumbi, taa yangu isiyowamulikia watu, wao waliuona wekundu wake vizuri sana. Wakajaa juu ya sanduku, na mke wangu akaleta bakuli.

Kaske ilirudi ilikotoka. Mayai yakaanguliwa yote tisa, msimu wa mvua, usiku una ubaridi unaoingia mpaka mifupani. Asubuhi moja sikuiona ampli mezani. Nikaifuata sauti ya vifaranga mpaka kwenye Philips ya baba. Mke wangu alikuwa ameiweka ubavuni mwa redio, ndani ya kapu, na wavu wa waya juu yake ili mtu asiunguzwe na kioo, na vifaranga tisa wamejipanga kuizunguka, macho wameyafumba.

Jioni mpwa akapiga. "Noko, unaionaje sauti yake? Joto lake umelisikia?"

"Mwanangu," nikamjibu, "hapa kuna tisa wanaolisifu."